Ultrasaundi ya mimba changa: mwongozo kamili kwa mama wa Arusha na Moshi

Kipimo cha mkojo kikitoa mistari miwili kimekuambia jambo moja tu, kwamba una ujauzito. Hakijui mimba imekaa wapi, ina umri gani, inakua au imesimama, ni mtoto mmoja au wawili. Maswali hayo manne ndiyo kazi ya ultrasaundi, kipimo cha kupiga picha ya ndani ya tumbo kwa mawimbi ya sauti, katika miezi mitatu ya mwanzo. Wengi huiendea wakiwa na swali la tano, la jinsia, na kwa wakati huo swali hilo halina jibu la kuaminika. Liache kwanza.

Kitu kinachowaponza kinamama wengi ni muda. Mashine ileile, mikononi mwa mtaalamu yuleyule, ikitumika wiki ya 5 inaweza kukurudisha nyumbani unalia bila sababu, na ikitumika wiki ya 9 ikakupa tarehe ambayo wakunga wataitegemea mpaka siku ya uchungu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia nyumbani, kwenye kalenda.

Hatua ya kwanza: tafuta tarehe ya hedhi yako ya mwisho

Umri wa mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ile siku damu ilipoanza kutoka. Ndivyo wanavyohesabu kila mahali, kuanzia zahanati ya kijijini hadi hospitali ya rufaa ya KCMC. Sababu ni kwamba siku hiyo wanawake wengi wanaikumbuka, ilhali siku yai lilipokutana na mbegu hakuna anayeiona. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, yai hutoka karibu siku ya 14. Kwa hiyo mimba inayoitwa ya wiki 4 imetungwa kiasi cha wiki 2 tu zilizopita.

Nakaa kidogo hapa kwa sababu hesabu hii imevunja amani katika nyumba nyingi, hasa kwetu ambako wanaume husafiri kikazi. Chukua mfano. Hedhi ya mwisho ya mama ilianza tarehe 5 Januari. Mume wake ni mwanaapolo, amekuwa machimboni Mirerani tangu Novemba, akarudi nyumbani tarehe 18 Januari. Tarehe 2 Machi mama anapiga picha, karatasi inasema mimba ina wiki 8. Baba anahesabu tangu aliporudi, anapata wiki 6. Zile wiki 2 zinaanza kusemwa jikoni, kisha kwa mashemeji, kisha kwa mama mkwe. Hakuna kosa lolote hapo. Wiki 8 za karatasi zimeanzia tarehe 5 Januari, kabla mimba haijatungwa, na kutungwa kwenyewe kulikuwa karibu na tarehe 19, siku moja baada ya baba kufika. Karatasi inamuunga mkono mama. Kama mume wako ni mpagazi wa mlimani, dereva wa watalii au mchimbaji, mweleze hesabu hii kabla ya kwenda kupiga picha, au nenda naye daktari amweleze mwenyewe.

Ukishapata tarehe, kukadiria siku ya kujifungua ni rahisi: ongeza siku 7, kisha sogeza mbele miezi 9. Tarehe 5 Januari inakupa tarehe 12 Oktoba. Hayo ni makadirio, na watoto wengi huzaliwa siku chache kabla au baada yake.

Wapo wasioweza kuipata tarehe hiyo kwa uhakika. Uliyekuwa unatumia sindano ya uzazi wa mpango na hedhi ikakatika. Uliyekuwa unanyonyesha, ukashika mimba kabla hedhi haijarudi. Wewe ambaye mzunguko wako unakuja siku 28 mwezi huu na siku 45 mwezi ujao. Na aliyeona matone ya damu, akadhani ni hedhi, kumbe alikuwa mjamzito tayari. Kwenu ninyi ultrasaundi ya mapema ina thamani kuliko kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu pasipo hiyo mkunga atabaki kukisia kwa kupima tumbo.

Hatua ya pili: chagua wiki ya kwenda

Kwa kipimo cha kupitia ukeni, kifuko cha mimba huanza kuonekana kuelekea wiki ya 5. Karibu wiki ya 5 na nusu kinaonekana kifuko kidogo cha lishe ndani yake, na kufikia wiki ya 6 huonekana kiinitete na mapigo ya moyo. Kwa kipimo cha juu ya tumbo, kila hatua hapo inachelewa takriban wiki nzima, na zaidi kwa mama mwenye mwili mnene au ambaye mji wa mimba umelala kuelekea nyuma. Ukienda na wiki 5 ukapimwa juu ya tumbo, jibu la kawaida kabisa ni "hatuoni kitu", nalo ni jibu la kutisha kulisikia.

Ushauri wangu kwa mama asiye na dalili yoyote ya hatari ni kusubiri hadi kati ya wiki ya 8 na ya 13. Ndani ya muda huo mtoto hupimwa urefu kutoka kichwani hadi makalioni, na urefu huo hutoa umri wa mimba kwa kosa la siku 5 hadi 7 tu. Watoto wote, awe wa mama mrefu au mfupi, wa Mmachame au wa Mmeru, hukua kwa kasi inayokaribiana sana katika wiki hizo. Baadaye kila mmoja anafuata mwili wake, na picha ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kukosea umri kwa wiki 3 nzima.

Kama uwezo wa fedha unaruhusu picha moja tu kwa mimba yote, tarehe zako unazijua vizuri na huna dalili mbaya, mimi ningeiweka kati ya wiki ya 18 na ya 22. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linapendekeza angalau ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Katika wiki hizo viungo vya mtoto huonekana, na umri wa mimba bado hukadiriwa vizuri ingawa si kwa ukaribu ule wa mwanzo. Lakini kama tarehe huzijui, usisubiri. Nenda mapema.

Wapo pia wasiotakiwa kungoja wiki ya 8. Nenda mara tu unapojua una mimba ikiwa umewahi kupata mimba nje ya mji wa mimba, ikiwa mirija iliwahi kufanyiwa upasuaji, au ikiwa umeshika mimba kitanzi kikiwa ndani. Aliyejifungua kwa upasuaji naye asichelewe sana, wiki ya 6 hadi ya 8 inamfaa, kwa sababu mara chache mimba hujishikiza kwenye kovu la mshono wa zamani na hali hiyo inahitaji kugunduliwa mapema. Anayetapika kupita kiasi aangaliwe kama ana mapacha au mimba zabibu, ile inayojaa vifuko vya maji kama zabibu badala ya kukua kawaida. Na yeyote anayetoka damu au mwenye maumivu makali asiangalie kalenda hata kidogo. Aende leo.

Hatua ya tatu: chagua mahali

Moshi mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Mawenzi, na KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ni ya rufaa ya kanda. Arusha mjini kuna Mount Meru ya mkoa, pamoja na hospitali ya Kilutheri ya ALMC. Ukiwa mlimani au pembezoni zipo hospitali za makanisa za miaka mingi: Machame, Kibosho, Kilema, Marangu, Huruma kule Rombo, na Selian upande wa Ngaramtoni. Zaidi ya hizo kuna vituo vya afya na kliniki nyingi binafsi mijini.

Kwa picha ya kawaida ya mimba isiyo na matatizo, huna haja ya kukimbilia hospitali kubwa na kulala kwenye foleni. Kilicho muhimu ni mtu aliyeshika kifaa. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: atakayepima ni nani na amesomea nini, kama wana kifaa cha kupimia kupitia ukeni endapo juu ya tumbo hapataonekana vizuri, na kama utapewa majibu ya maandishi yenye jina lako, tarehe, vipimo na sahihi. Mahali panapokupa kipande cha picha na maneno ya mdomo tu, papite. Kipande kile kinafifia kabatini, na mkunga atakayekupokea usiku wa uchungu hawezi kukitumia.

Kuhusu malipo, sera ya afya ya nchi inataka huduma za mama mjamzito katika vituo vya serikali zitolewe bila kutozwa, lakini hali halisi dirishani hutofautiana na ultrasaundi ndiyo mojawapo ya huduma ambazo mara nyingi mama hukuta anadaiwa. Uliza mapema. Ukiwa na bima, uliza kama inagharimia picha hiyo na kama unahitaji kwanza fomu kutoka kwa daktari, maana ukienda moja kwa moja chumba cha kipimo unaweza kurudishwa. Ukilipa, lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo au kwa keshia, uchukue risiti. Usimpe fedha mtu koridoni.

Hatua ya nne: jiandae

Kama unapimwa juu ya tumbo, kibofu kinatakiwa kiwe kimejaa. Maji ya kibofu huupa mlio wa mashine njia nzuri ya kupita na huyasukuma matumbo pembeni ili mji wa mimba uonekane. Kunywa glasi 3 au 4 za maji kiasi cha saa moja kabla, usikojoe. Foleni ikiwa ndefu, usimalize maji yote ukiwa kwenye daladala kutoka Usa River au Himo. Beba chupa, unywe ukiona wamebaki watu wachache mbele yako. Kama kipimo ni cha ukeni, mambo yanageuka: kojoa kwanza, kibofu kiwe kitupu.

Kula kama kawaida. Kufunga hakuhitajiki kwa picha ya mimba, na mama anayetapika asubuhi akikaa na njaa hadi saa sita atazimia kwenye benchi. Vaa nguo ya vipande viwili, sketi na blauzi, au beba kanga. Beba kadi ya kliniki kama umeshaianzisha, karatasi za picha zote za nyuma, tarehe ya hedhi ikiwa imeandikwa, na kundi lako la damu kama unalijua.

Ndani ya chumba

Utalala chali, utapakwa jeli tumboni, na mtaalamu atasogeza kifaa kidogo juu ya ngozi akibonyeza kidogo. Kazi yenyewe huchukua dakika chache, mara nyingi kati ya 10 na 20. Mwambie mwanzoni kabisa tarehe ya hedhi yako, na kama kuna damu au maumivu mwambie pia. Usimwache "aone mwenyewe". Anayejua anatafuta nini huona zaidi.

Wengi wanaogopa mionzi, na siwalaumu, kwa kuwa chumba hicho mara nyingi kiko idara ya mionzi pamoja na eksirei. Ultrasaundi haitoi mionzi. Inatumia mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuyasikia. Kifaa hutuma mlio, mlio unagonga ndani ya mwili na kurudi, mashine inageuza marejeo hayo kuwa picha. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zao za kwanza mwaka 1958, na katika miaka yote tangu hapo haijathibitika kwamba kipimo hiki kikitumika kitabibu kinamdhuru mtoto. Tahadhari ipo, nayo ni ya wataalamu: kutumia nguvu ndogo na muda mfupi unaotosha, na katika wiki za mwanzo kutoifungulia mimba changa ile njia ya Dopla ya kusikilizisha moyo bila sababu. Mapigo yanaweza kuhesabiwa kwa njia nyingine ya kuonyesha mistari kwenye skrini. Kwa hiyo usidai kusikia mlio wa moyo ukiwa na wiki 7. Kuuona ukipiga kunatosha.

Kipimo cha kupitia ukeni kinawashtua wengi wanapoambiwa ghafla, hivyo ni vizuri kujua mapema. Kifaa ni chembamba, huvalishwa kondomu mpya na kupakwa jeli, huingizwa kidogo tu na hakifiki ndani ya mji wa mimba. Hakiharibu mimba, hata kama unatoka damu. Una haki ya kuelezwa kabla, kuomba nesi wa kike au ndugu awepo chumbani, kusema asimamishe ukiumia, na kukataa. Ila ujue kwamba kwa mimba ya chini ya wiki 7 au 8, na hasa inapohofiwa imekaa nje, hicho ndicho kipimo kinachoona. Ningekubali.

Hatua ya tano: soma karatasi yako kabla hujatoka

Majibu huandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi za mkato, mama anakunja karatasi na kuiweka kwenye mkoba bila kujua imesema nini. Herufi zenyewe ni chache. LMP ni hedhi ya mwisho uliyomtajia. GS ni kifuko cha mimba, na YS ni kile kifuko kidogo cha lishe. CRL ni urefu wa mtoto kutoka kichwani hadi makalioni, kwa milimita au sentimita. FHR ni mapigo ya moyo kwa dakika. GA ni umri wa mimba kwa wiki na siku, na EDD ni tarehe ya kutarajia kujifungua.

Angalia kwanza kama imeandikwa kwamba mimba iko ndani ya mji wa mimba. Hilo ndilo jambo la kwanza kwa uzito. Kisha tafuta CRL. Kwa makadirio, mtoto wa wiki 7 ana milimita 10 hivi, wa wiki 8 ana 16, wa wiki 10 ana zaidi kidogo ya 30, na wa wiki 12 amefika kama 54. Ikiwa umri umetolewa kwa kupima kifuko peke yake, jua kwamba kipimo hicho ni hafifu. CRL ikishapatikana, hiyo ndiyo ya kufuata. Mapigo ya moyo yanaanzia karibu 110 kwa dakika wiki ya 6, hupanda hadi kama 170 wiki ya 9, halafu hushuka taratibu. Hayatabiri jinsia, hata kama shangazi ana hakika.

Sasa linganisha tarehe mbili: ile uliyoihesabu kwa hedhi na ile ya picha. Kabla ya wiki ya 9, zikitofautiana kwa siku 5 au pungufu, tarehe ya hedhi inabaki. Kati ya wiki ya 9 na ya 13, kipimo ni siku 7. Zikizidi hapo, tarehe ya picha ndiyo inachukua nafasi. Na ikishaamuliwa, haibadilishwi tena. Utakapopiga picha nyingine ukiwa na miezi 8, mashine itatoa tarehe mpya kwa sababu inapima ukubwa wa mtoto wa wakati huo. Mtoto akiwa mdogo itasema mimba ni changa. Mama akisogezewa tarehe kwa picha hiyo, mtoto ambaye kwa kweli hakui vizuri anaonekana yuko sawa, na mimba iliyopitiliza inaachwa iendelee. Ndiyo maana karatasi ya kwanza haitupwi.

Maneno mengine ya karatasini huogofya bure. Uvimbe wa maji kwenye ovari moja, wa sentimita 2 au 3, mara nyingi ni mahali yai lilipotokea; ndio unaoitunza mimba mwanzoni na hunywea wenyewe kuelekea mwezi wa nne. Kondo la nyuma kuonekana liko chini katika wiki ya 11 si habari ya kukukosesha usingizi, kwa sababu mara nyingi husogea mji wa mimba unapokua. Uvimbe wa faibroidi uandikwe mahali ulipo na ukubwa wake, ufuatiliwe.

Wakiwa wawili, hakikisha karatasi inasema kama wanashiriki kondo moja au kila mmoja ana lake. Hili huonekana vizuri kabla ya wiki ya 14, na baadaye huwa gumu. Mapacha wa kondo moja wanahitaji kuangaliwa mara nyingi zaidi, hivyo usikubali neno "mapacha" peke yake.

Kama mapigo ya moyo hayakuonekana

Hapa naomba usome polepole. Kutoonekana kwa mapigo kwa mara ya kwanza, mara nyingi sana, kunamaanisha umewahi. Kuna vipimo vinavyokubalika kimataifa vya kusema kwa uhakika kwamba mimba imesimama, vyote kwa kipimo cha ukeni: mtoto awe amefika urefu wa milimita 7 au zaidi bila mapigo, au kifuko kiwe na wastani wa milimita 25 au zaidi bila mtoto ndani. Chini ya hapo hakuna mtu anayepaswa kutamka hukumu. Unatakiwa kurudia picha, kwa kawaida baada ya siku 7 hadi 14.

Kwa hiyo ukiambiwa siku hiyohiyo kwamba usafishwe, uliza kwa heshima: urefu ni milimita ngapi? Kifuko ni milimita ngapi? Umepima juu au ukeni? Kama namba hazijafika hapo, hutoki damu nyingi, huna homa wala maumivu makali, una haki ya kusubiri na kurudia, na kwa daktari mwingine ukitaka. Usinunue vidonge vya kusafisha kwenye duka la dawa kwa maneno ya picha moja. Usinywe mizizi. Nimewaona watoto wanaokimbia leo ambao mama zao waliambiwa hakuna kitu wakiwa na wiki 5.

Na ikiwa kweli imesimama, pole sana. Kati ya mimba 100 zilizogundulika, 10 hadi 20 huharibika, nyingi katika miezi mitatu ya mwanzo, na karibu nusu yake au zaidi ni kwa hitilafu ya vinasaba iliyoingia siku ileile ya kutungwa. Ndoo ya maji uliyobeba haikuiua. Kukutana na mumeo hakukuiua, wala kupanda bodaboda kwenye njia mbovu, wala maneno ya jirani. Daktari atakueleza njia tatu, kusubiri itoke yenyewe, dawa, au kusafishwa, na mara nyingi kuna muda wa kwenda nyumbani kufikiri. Kama kundi lako la damu ni hasi, litaje, kwa sababu huenda ukahitaji sindano ya kinga ndani ya saa 72 baada ya kutoka damu.

Kama mji wa mimba ni mtupu

Mkojo unasema una mimba, picha haioni chochote ndani. Kuna mambo matatu yanayowezekana: ni mapema mno, mimba imeshatoka, au imetunga nje, na zaidi ya mara 9 kati ya 10 zinazotunga nje hukaa kwenye mrija. Huwezi kujua ni lipi kwa kukaa nyumbani. Utaombwa kupima homoni ya mimba kwenye damu, kisha kurudia baada ya saa 48 kuona kama inapanda inavyotakiwa, na picha irudiwe. Mpaka jibu lipatikane usisafiri kwenda mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji. Safari ya Mirerani, ya Loliondo, ya kwenda kumwona bibi juu Rombo, iahirishe.

Mrija ukipasuka damu hutoka ndani ya tumbo, na kinachoonekana nje kinaweza kuwa matone tu. Dalili ni maumivu makali ya tumbo chini, mara nyingi upande mmoja, kizunguzungu au kuzimia, jasho baridi, na maumivu ya ncha ya bega ambayo hukuyapata kwa kazi. Pia damu inayolowesha pedi mbili ndani ya saa moja, au homa pamoja na uchafu wenye harufu, ni dharura. Usingoje kupambazuke. Piga 115 bila malipo, ni namba ya mfumo wa m-mama unaopanga usafiri wa dharura kwa wajawazito, au muamshe mwenye gari. Ukifika mapokezi sema maneno haya wazi: nina mimba changa na nimezimia. Aliye na picha yake aibebe.

Hatua ya sita: peleka tarehe kliniki

Picha si kliniki. Wapo wanaopiga ultrasaundi tatu kabla ya mwezi wa nne bila kupimwa damu hata mara moja, na mashine haioni upungufu wa damu, kaswende, virusi vya UKIMWI wala presha. Anza kliniki kabla ya wiki ya 12, katika zahanati au kituo kilicho karibu nawe, na ikiwezekana mwende wote wawili, maana baba naye hupimwa. Anza pia vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki asidi, kwa kuwa uti wa mgongo wa mtoto hujifunga mapema sana.

Mpe nesi karatasi ya picha mkononi. Mwombe aandike kwenye kadi tarehe ya kujifungua iliyokubalika, na kando yake aandike kwamba imetokana na picha ya wiki fulani. Dawa ya kinga ya malaria huanza baada ya wiki ya 13, chanjo na mahudhurio hupangwa kwa wiki, na mwishoni uamuzi wa kuanzishiwa uchungu hutegemea wiki hizohizo. Karatasi yenyewe ibanwe kwa pini ndani ya kadi, na uipige picha kwa simu, umtumie pia baba au dada yako, ili ukifikishwa hospitali nyingine usiku wawe nayo.

Kisha panga picha ya pili kati ya wiki ya 18 na ya 22. Kwa mama wa mfano wetu, aliyeanza hedhi tarehe 5 Januari, hiyo ni kati ya tarehe 11 Mei na tarehe 8 Juni. Swali la jinsia aende nalo siku hiyo.